Safari ya Masasi na Newala: Wageni Waliokuja, na Walichokitafuta

Mtoto wa shule akiulizwa ni nani aliyeligundua ziwa la Nyasa, hujibu upesi kwamba ni Dokta Livingstone, mwaka wa 1859. Mwalimu humsifu, na somo huendelea. Lakini watu wa pwani za ziwa lile walikuwa wakivua samaki humo vizazi vingi, na wafanya biashara wa Kilwa walikwisha kulivuka kwa majahazi kabla yeye hajaliona. Basi neno hilo la kugundua lina kasoro. Nasi tulipopata nafasi mwezi wa Oktoba kusafiri kwenda Masasi na Newala, tulichukua pamoja na mizigo yetu swali moja: hao waliotoka Ulaya kuja kuzitafuta nchi, walitafuta nini hasa? Na wenyeji wakapata nini?

Swali hili si la wenye elimu peke yao. Nyumba nyingi za Kikristo katika nchi ya kusini zina asili yake katika safari zile, na mwenye kuuliza habari zake anauliza habari za babu zake. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaona mithali hii ni mizani nzuri. Tutaichukua njia nzima, na kila tukutanapo na nyayo za mgeni tutauliza, Je, mwenyeji alipona?

Wageni wa kwanza wa Ulaya kuipita pwani hii walikuwa Wareno. Vasco da Gama aliizunguka rasi ya kusini ya Afrika, akafika Msumbiji mwezi wa Machi 1498, kisha Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili. Na huko Malindi alipata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Nia yake haikuwa Afrika. Mfalme wake alitaka pilipili na mdalasini wa mashariki bila ya kupita mikononi mwa wafanya biashara wa Misri na wa Venice. Tena Wareno walisikia habari za mfalme mmoja Mkristo akaaye mahali fulani mbali, wakatumaini kumpata awe rafiki yao katika vita. Kwao pwani yetu ilikuwa kituo cha maji, chakula na marubani. Lakini walipojua ya kuwa kuna dhahabu ya Sofala, tamaa ikakua. Mwaka wa 1505 merikebu za Francisco de Almeida ziliuteka mji wa Kilwa, na watu wake wakauteka nyara. Mwaka wa 1616 Mreno mwingine, Gaspar Bocarro, alikwenda kwa miguu kutoka Tete, katika nchi ya mto Zambezi, mpaka Kilwa, akauvuka mto Ruvuma njiani. Alikuwa akichukua madini ya fedha ili yapelekwe kwa mfalme wa Ureno.

Mtu angedhani basi kwamba Wareno hawakuacha kitu katika nchi ya Masasi na Newala. Lakini na aitazame njia. Kutoka Mingoyo, ukapita Nyangao na Ndanda, hata uvione vilima vya mawe vya Masasi vimesimama peke yao juu ya nchi tambarare, mikorosho imepanga huku na huku. Tulipopita, mabibo yalikuwa yakianguka, akina mama na watoto wameinama chini ya miti wakiokota na kuzitenga korosho na mabibo yake. Mkorosho si mti wa asili ya hapa. Kwao ni Brazil, nchi ambayo Wareno waliifikia mwaka wa 1500, nao ndio waliouleta Msumbiji katika karne ya 16, ukaenea pwani yote. Muhogo, mahindi na karanga navyo vilitoka Amerika, vikafika kwetu kwa merikebu za watu waliokuwa wakitafuta viungo na dhahabu. Siku hizi korosho ndiyo inayolipa karo ya shule na kuezeka nyumba kwa mabati katika nchi hii. Katika msimu wa 2017/2018 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000, na sehemu kubwa ilitoka mkoa wa Mtwara.

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hata hivyo tusikosee katika kupima. Aliyeleta mbegu hakukusudia kumlisha Mmakonde, wala korosho haiwafufui waliokufa Kilwa. Faida iliyoanguka njiani isihesabiwe kuwa ni fadhili. Tena waliozipanda mbegu zile, wakazijaribu katika mchanga wa nchi yao, wakajua zipi zinavumilia ukame, walikuwa wenyeji wenyewe. Kazi hiyo haikuandikwa katika kitabu cha msafiri yeyote.

Sasa tumfikie Livingstone. Yeye aliijia nchi hii mara tatu. Mwaka wa 1861 na tena mwaka wa 1862 aliupanda mto Ruvuma kutoka baharini, akitafuta njia ya maji ya kufika Nyasa isiyopita katika forodha za Wareno. Mto ulimshinda, kwa mchanga kwanza na kwa majabali baadaye. Mara ya tatu alishuka Mikindani mwezi wa Machi 1866. Safari hiyo iligharimiwa hivi: serikali ya Uingereza ilitoa pauni 500, chama cha wanajiografia cha London pauni 500, na rafiki yake James Young, mwenye kiwanda cha mafuta, pauni 1,000. Kila mlipaji alikuwa na haja yake. Wanajiografia walitaka kujua maji ya bara yanagawanyika wapi, na chemchemi za mto Naili ziko wapi. Serikali ilitaka habari za biashara ya watumwa. Livingstone mwenyewe alitaka hayo yote, na zaidi ya hayo alitaka Ulaya ione aibu. Aliamini kwamba biashara ya halali ikifunguliwa, pamoja na Injili, biashara ya watu itakufa.

Njia yake ilipita chini ya uwanda wa Wamakonde, kandokando ya Ruvuma. Kichaka kilikuwa kimeshikana hata ngamia aliowaleta kutoka Bara Hindi hawakuweza kupita na mizigo, akawaajiri Wamakonde wenye mashoka wamkatie njia. Na tulikumbuke jambo hili kila tunaposikia kwamba mtu fulani alifungua nchi: wenye shoka walikuwa watu wa hapa, nao walijua wanakoelekea. Wale ngamia, nyati na punda walikufa mmoja mmoja. Mwezi wa Mei akafika Ngomano, mahali mto Lugenda unapoungana na Ruvuma, na huko akakuta njaa. Mbele yake, mwezi wa Juni, aliona maiti za watumwa waliofungwa mitini na kuachwa kwa sababu hawakuweza tena kwenda. Aliyaandika aliyoyaona.

Katika msafara ule alikuwamo kijana wa Kiyao jina lake Chuma. Alikuwa mtoto mdogo alipokamatwa auzwe. Mwaka wa 1861 akaokolewa na Livingstone na wamisionari katika nchi ya Shire, akasoma Bombay, akarudi Afrika na safari hii. Livingstone alipofariki mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake mwendo wa miezi mingi hata Bagamoyo, pamoja na vitabu alivyoandika. Bila ya watu hawa Ulaya isingeyasoma yale ya Ruvuma. Mwaka huohuo wa 1873 Seyyid Barghash, akishurutishwa na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasipelekwe tena kwa bahari, na soko la Unguja likafungwa. Hapa mizani inainama upande wa kupona, nasi hatuna haya kusema hivyo. Lakini tuongeze kwamba misafara ya nchi kavu haikukoma siku ile, ila ilizidi kwa muda.

Sasa tumeingia Masasi. Mji huu ulivyo leo, na soko lake na njia zake za lami, mtu hawezi kuuona kama walivyouona watu wa mwaka wa 1876. Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoka Unguja mwaka ule na kundi la watumwa waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wakikaa Mbweni. Kusudi lake lilikuwa kuwarudisha karibu na nchi walikotekwa, upande wa Nyasa; na Chuma alikuwa mmoja wa viongozi wa njia yake. Walipofika Masasi wakaona vilima, maji na udongo mwema, wakaona nchi inafanana na kwao, wakataka kukaa. Askofu akakubali. Basi Masasi ya Kikristo ilizaliwa kwa shauri la watu waliochoka kuchukuliwa na wengine, wakachagua wenyewe mahali pa kujenga.

Hata hivyo walikaa kwa hofu. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni, walioitwa Wagwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, baada ya kuwa wamekwisha kuonja uhuru miaka sita tu. Padre Chauncy Maples na waliobaki wakahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao wa huko, aliyewapokea. Na hapa tena aliyemlinda mgeni ni mwenyeji. Baadaye Masasi ikajengwa upya. Na mwaka wa 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kuwa mtumwa, akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuupata. Akafanya kazi Chitangali, kwa Nakaam. Mtu aliyechukuliwa kama mali akarudi kuwa mchungaji wa watu. Kama tutaulizwa safari zile zilizaa jema gani, tutamtaja yeye.

Lakini njia ikishafunguliwa kila mtu huipita. Mwaka wa 1881, kabla ya uvamizi ule, Seyyid Barghash alimtuma Joseph Thomson, Mskochi, aende bonde la Ruvuma akamtazamie makaa ya mawe, kwa kuwa alikuwa na merikebu za moshi na alitamani mali. Thomson alirudi na habari kwamba makaa ya kufaa hayapo, wala Seyyid hakupendezwa. Basi tusidhani kwamba tamaa ya mali ilikuwa ya Wazungu peke yao.

Baada ya watafuta mito, watafuta roho na watafuta makaa, walikuja watafuta dola. Mwaka wa 1884 Carl Peters alizunguka katika nchi za mbele ya Bagamoyo akiwatia watu sahihi katika karatasi wasizoweza kuzisoma. Mwezi wa Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kwamba mpaka wao uwe Ruvuma. Hakuwapo katika baraza lile Mmakonde, wala Mmakua, wala Myao, ingawa kila mmoja wao alikuwa na ndugu ng'ambo ya pili. Mto uliokuwa kisima cha wote ukafanywa ukuta. Kisha ikaja kodi, na kazi ya kulazimishwa, na mashamba ya pamba. Mwezi wa Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza katika vilima vya Wamatumbi, na mwezi wa Agosti vikafika huku: nyumba za misheni ya Nyangao na za Masasi zikateketezwa. Waliozichoma hawakutofautisha mgeni aliyekuja kufundisha na mgeni aliyekuja kutoza. Twasikitika, lakini twaweza kufahamu, kwa kuwa wote wawili walikuja kwa njia moja. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wengine wanataja hata 300,000, walio wengi kwa njaa, kwa kuwa askari walichoma mashamba na ghala.

Kutoka Masasi tulipanda kwenda Newala. Gari hulia kwa taabu katika kona za mlima, kisha ghafula nchi inakuwa sawa, na upepo unakuwa baridi. Huu ndio uwanda wa Wamakonde. Udongo wake ni wa mchanga unaoyanywa maji ya mvua yote, hata huwezi kuona kijito juu yake. Zamani akina mama waliteremka genge zima kufuata maji bondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani, na safari hiyo iliwala nusu ya siku. Mradi mkubwa wa maji ulianza katika miaka ya 1950, lakini hata leo neno la maji halikosekani katika mazungumzo ya Newala. Bibi mmoja mzee alituambia ya kuwa katika ujana wake binti alipimwa kwa uwezo wa kupanda genge bila ya kumwaga. Kwa nini basi watu walichagua kukaa mahali pasipo na maji? Kwa kuwa kichaka cha juu kilikuwa ngome. Mwenye kuteka watumwa na Mngoni mwenye mkuki walipita mabondeni, na Mmakonde akaona afadhali kiu kuliko kamba.

Hapa Newala alikaa mwaka wa 1906 mwanazuoni Mjerumani, Karl Weule, wa nyumba ya makumbusho ya Leipzig. Moto wa Maji Maji ulikuwa haujapoa. Nia yake ilikuwa kujua desturi za watu, nayo serikali ya makoloni ilimgharimia. Alikuja na sanduku la kunasa sauti na mashine ya picha zinazokwenda, akawaimbisha watu, akazitia nyimbo zao katika mitungi ya nta. Akakusanya vinyago, zana, vyombo na mapambo, akavipeleka kwao. Yeye ndiye aliyeandika habari za akina mama wa Newala na maji yao. Vitu vile vingi vingali Leipzig, na sauti zile Berlin. Alilipa, tena aliandika mengi ambayo bila yeye yangepotea. Lakini mtu aliyetoka vitani na njaani, akiulizwa na mgeni mwenye askari kama anauza kitu, uhuru wake wa kukataa ni mdogo. Tungependa kuona siku ambayo watoto wa Newala watazisikia sauti zile za babu zao wakiwa madarasani mwao.

Jioni tulikwenda Shimo la Mungu, pembeni mwa mji. Hapo uwanda unakatika mara moja, na chini yako kunafunguka bonde la Ruvuma, pana, lenye ukungu wa buluu, na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Tulikaa kimya kitambo. Bonde hili zuri lilipata kuwa uwanja wa vita visivyo vyake. Mwezi wa Oktoba 1916 askari wa Ureno walivuka mto wakaishika Newala. Wajerumani wakawazingira, na mwishoni mwa Novemba Wareno wakarudi kwao. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 1917, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliuvuka mto pale pale Ngomano, akawashinda Wareno na kuiteka kambi yao. Wapagazi waliochukua mizigo ya majeshi yale ni vijana wa nchi hizi, na wengi hawakurudi. Majina yao hayamo katika mnara wowote tuliouona njiani.

Lakini Ngomano ina habari nyingine. Tarehe 12 Mei 2010 marais wa Tanzania na Msumbiji walilifungua Daraja la Umoja hapo, kutoka Mtambaswala upande wetu, katika wilaya ya Nanyumbu iliyokuwa zamani sehemu ya Masasi, mpaka Negomano upande wa pili. Urefu wake ni mita 720. Mahali alipokuta Livingstone njaa, na alipovuka jenerali na bunduki zake, sasa huvuka mahindi, samaki wakavu, na jamaa waendao harusini. Daraja hili halikugharimiwa na mgeni aliyekuja kutafuta. Liligharimiwa na nchi mbili ambazo watu wake walikwisha kujuana kabla ya mpaka.

Basi, walimu wetu, tunawashauri hivi. Msiwafundishe watoto kwamba wageni wale wote walikuwa malaika, wala kwamba wote walikuwa wanyang'anyi. Fundisheni kuuliza mambo matatu juu ya kila msafiri: Nani alimlipia? Nani alimwongoza njia? Na alipokwisha kupita, mwenyeji alibaki na nini? Kwa maswali hayo mtoto atamwona Bocarro na fedha yake, Livingstone na ghadhabu yake, Thomson na makaa yasiyokuwapo, Peters na karatasi zake, Weule na sanduku lake la sauti, kila mmoja kwa sura yake. Atamwona Chuma vilevile, na Matola, na Majaliwa, na wakata njia Wamakonde ambao hatuyajui majina yao. Na atafahamu ya kuwa nia njema haitoshi, maana njia iliyofunguliwa kwa huruma ilipitwa na wenye kodi na bunduki.

Nanyi wazazi mlio na wazee nyumbani, waulizeni sasa, jioni baada ya chakula, ukoo wenu ulifikaje hapo mlipo: nani aliteremka kutoka uwandani, nani alivuka Ruvuma, nani alikuja na kundi la Mbweni. Mwenye kujua kuandika na aandike katika daftari pamoja na mwaka, kama mzee aukumbuka, na daftari hilo liwekwe mahali ambapo mchwa hawafiki.